Mkwaruzo wa Redio na Mwako wa Radi

Mara ya kwanza kulala ziwani nilikuwa na miaka 12. Ilikuwa likizo ya Desemba, mvua zimeshakolea, na baba, mvuvi wa dagaa wa Katonga, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, alikubali nipande chomboni baada ya mama kukataa mwaka mzima. Kazi zangu zilikuwa mbili: kukumba maji, na kuishika redio isilowe. Redio yenyewe ilikuwa ya mawe manne, mfuniko wa nyuma umepotea zamani, mawe yamebanwa kwa mpira wa baiskeli.

Tulisikiliza taarifa ya habari ya saa mbili. Ilipokwisha nilinyoosha kidole nizime, maana nyumbani kuiacha redio iongee peke yake lilikuwa kosa. Mawe yalikuwa ghali. Baba akanishika mkono. Akazungusha kitufe cha stesheni taratibu kwenye masafa ya kati mpaka akafika mahali pasipo na mtu anayezungumza, pakabaki mvumo mtupu kama mchanga unaomwagwa. "Usizime," akasema. "Ikianza kukwaruza, niambie."

Karibu saa tano ikaanza. Kra! Kimya kirefu. Kra, kra! Juu yetu nyota zilikuwa zimejaa, maji yametulia, taa zinawaka na dagaa wameanza kukusanyika. Nilimwambia baba, naye hakusema neno, akageuza uso upande wa Kongo. Ndipo nikaona. Nyuma ya milima ya ng'ambo anga liliwaka mwako hafifu wa rangi ya maziwa, na papo hapo redio iliyokuwa mapajani kwangu ikakwaruza. Mwako mwingine, mkwaruzo mwingine. Nikaanza kuvizia ni kipi kinachomtangulia mwenzake, lakini kila nilivyojaribu vilikuja pamoja. Ngurumo hatukuisikia hata moja.

Baada ya saa moja hivi mikwaruzo ikawa mfululizo, kama dagaa wanaokaangwa, na baba akaamuru wavu uvutwe. Watu wa chombo cha jirani walimcheka kwa sauti, maana dagaa walikuwa ndio kwanza wamepanda. Upepo ulipoanza tulikuwa tumeshafika ufukweni. Wale wenzetu walirudi alfajiri, taa zote zimevunjika, mmoja wao ameufunga mkono kwa shati.

Nilibaki na swali moja ambalo baba hakuweza kulijibu. Ngurumo ya radi huchelewa, hilo kila mtoto wa ziwani analijua. Mbona mkwaruzo wa redio haucheleweshwi na umbali?

Jibu nililipata miaka sita baadaye kwa mjomba wangu, fundi redio wa Ujiji, nilipokwenda kujifunza kazi baada ya kidato cha nne. Alikuwa amefungua redio ya mteja, akanionyesha kile kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, ambacho ndicho kinachonasa masafa ya kati. "Mjomba," akaniambia, "hiki nacho ni jicho. Linaona mwanga ambao jicho lako halioni. Mwanga na redio ni ndugu wa tumbo moja."

Nilidhani ni maneno ya mafundi. Nikarudi kwenye daftari langu la fizikia, na safari hii nilisoma kwa njaa, si kwa kukariri. James Clerk Maxwell, mwanafizikia wa Skotilandi, alichapisha mwaka 1865 hesabu zilizoonyesha kwamba umeme na sumaku vikitikisika pamoja vinazaa wimbi linalosafiri lenyewe, bila waya, bila hewa, bila maji ya kulibeba. Alipokokotoa mwendo wa wimbi hilo akapata mwendo uleule wa mwanga, kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Akaamua kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la namna hiyo. Kati ya mwaka 1886 na 1888 Heinrich Hertz, kule Karlsruhe nchini Ujerumani, alirusha cheche ndogo kati ya vyuma viwili, na mbali na hapo, kwenye duara la waya lisiloungwa na kitu, cheche nyingine ikaruka. Hertz alitengeneza radi ya mezani. Baba alikuwa akiisikiliza ile kubwa.

Radi ni cheche, basi. Ikipiga inatikisa umeme kwa kishindo na kumwaga mawimbi ya kila urefu kwa wakati mmoja. Mengine yanapokelewa na jicho, mengine na kile kijiti cheusi. Kutoka milima ya Kongo hadi chombo chetu palikuwa kama kilomita 50, na wimbi hupita umbali huo kwa chini ya sehemu moja ya elfu tano ya sekunde. Ningeviziaje kitu kama hicho? Sauti nayo huenda mita 340 hivi tu kwa sekunde. Ngurumo ile ingehitaji karibu dakika mbili na nusu kutufikia, na ilifia njiani.

Leo nina kibanda changu eneo la Mwanga, hapahapa Kigoma, natengeneza redio, simu na ving'amuzi, na vijana wa ziwani wananijia na simu zenye redio ya FM. Nawaambia wazi kwamba kwa radi haiwafai. FM hubeba maneno kwa kubadilisha kasi ya mtikisiko wa wimbi, wakati masafa ya kati hubeba kwa kubadilisha nguvu yake. Radi inavuruga zaidi nguvu, kwa hiyo FM inaipuuza na kukupa muziki safi mpaka dhoruba ikukute. Kwa msikilizaji wa mjini huo ni uzuri. Kwa mtu aliye katikati ya Tanganyika usiku, upande huu wa dunia ambako milima ya mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote, nauona ni hasara. Redio kuukuu yenye masafa ya kati siitupi. Naitengeneza, namuuzia mvuvi kwa bei ya vipuri.

Kitu kinachowatofautisha ndugu hawa ni urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. Wimbi la masafa ya kati lina mita 200 hadi 500 na zaidi, refu kuliko uwanja wa mpira. La FM lina mita 3 hivi. La simu lina sentimita 33 au 17, kutegemea masafa ya mtandao wako. La rimoti ya televisheni ni fupi kuliko sehemu ya elfu ya milimita, na mwanga tunaouona ni mfupi zaidi, kati ya sehemu 4 na 7 za elfu kumi za milimita, nyekundu ikiwa ndefu na zambarau ikiwa fupi. Chini ya hapo kuna urujuanimno, ule mwanga usioonekana wa jua unaounguza ngozi, kisha eksirei za hospitali, kisha mionzi ya gama. Jicho letu limepewa kipande chembamba kabisa katikati ya safu hiyo yote.

Na urefu ndio unaoamua wimbi lipite wapi na likwame wapi. Ukisafiri kwa boti kutoka Kibirizi kwenda kaskazini, upande wa Gombe, utakuta vijiji vilivyobanwa kati ya maji na milima iliyosimama wima. Katika kijiji kimoja niliwahi kuonyeshwa jiwe la mtandao. Ukilipanda unapiga simu, ukishuka hatua mbili simu inakufa. Wimbi la simu huenda karibu moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na mlima unaweka kivuli. Jiwe lile linachungulia nje ya kivuli. Masafa ya kati yanajipinda kufuata ardhi, na usiku hupaa mpaka kwenye tabaka za anga zenye chaji za umeme, kilomita 100 na zaidi juu, yakagonga na kurudi chini mbali sana. Mchana kuna tabaka la chini linalozalishwa na jua ambalo huyameza. Ndiyo maana redio ya mjomba ilileta stesheni za nchi za mbali baada ya magharibi, zikatoweka kulipokucha, na wateja wakadhani imeharibika.

Taa za uvuvi zilinifundisha upande mwingine wa habari hii. Baba alivua kwa karabai maisha yake yote. Zilipokuja taa za LED za sola alizikataa. Alikuja kibandani akaweka kiganja juu ya taa yangu, akakitoa, akasema, "Taa baridi itamwita nani?" Nikawasha karabai yake pembeni nikamwomba aweke kiganja hapo. Hakuweza kukiacha. Joto lile ni infraredi, wimbi refu kidogo kuliko mwanga mwekundu. William Herschel alilitambua mwaka 1800 alipoweka kipimajoto pembeni mwa nyekundu ya upinde wa rangi za jua, mahali panapoonekana hapana kitu, na zebaki ikapanda. Sehemu kubwa ya mafuta ya taa aliyonunua baba iliondoka kwa njia hiyo. Iliunguza paji la uso wake, lakini dagaa haikuwafikia, kwa sababu maji huimeza infraredi karibu yote kabla haijashuka hata mita chache. Nyekundu nayo haiendi mbali. Katika maji safi kama ya ziwa letu, rangi inayozama kwenda chini ni ya buluu, na LED nyeupe ina buluu ya kutosha. Alijaribu taa mbili mwezi wa giza uliofuata. Hakunijia kuniambia zimefanyaje kazi, ila alituma mtu kuchukua nyingine nne.

Rimoti hutumia infraredi hiyohiyo, ya nguvu ndogo sana. Mteja akileta rimoti iliyokufa, naielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu na kubonyeza. Kikionekana kitone cheupe au cha zambarau kikipepesa kwenye kioo cha simu, rimoti ni nzima na tatizo liko kwenye televisheni. Kamera nyingi za mbele huona kidogo zaidi ya tunavyoona sisi. Jaribu nyumbani kabla hujamlipa fundi.

Sasa niseme lililonigharimu. Jirani yangu wa kibanda ni fundi wa kuchomelea. Siku moja alikuwa anaunganisha kishikizo cha injini ya boti, msaidizi wake hakuja, nikamshikia chuma. Kioo cha kuchomelea kilikuwa kimoja, kakivaa yeye. Mimi niligeuza uso pembeni, nikawa natupa jicho mara mojamoja. Dakika 10, labda 15. Jioni nilikula vizuri, nikalala. Saa sita usiku niliamka nikidhani mtu kanimwagia mchanga wenye pilipili machoni. Sikuweza kufumbua. Machozi yalitiririka mpaka asubuhi, mke wangu akaniongoza hospitali kwa mkono kama kipofu. Daktari alitia dawa ya matone akaniambia nimeunguza ngozi ya juu ya jicho, kama vile mtu anavyounguzwa na jua. Siku ya tatu nilianza kuona sawasawa.

Kilichonitisha ni ule utulivu wa jioni. Infraredi huonya, unasikia joto na kurudisha mkono. Urujuanimno haukuonyi. Jicho haliuoni, ngozi haiusikii, maumivu huja baada ya saa kadhaa wakati madhara yamekwisha kutendeka. Johann Ritter aliutambua mwaka 1801, mwaka mmoja baada ya Herschel, kwa sababu chumvi ya madini ya fedha iligeuka nyeusi upesi zaidi pale ng'ambo ya zambarau kuliko kwenye mwanga wenyewe. Hata yeye alihitaji kemikali imshuhudie.

Na hapo nikamkumbuka mtoto wa dada yangu.

Alizaliwa na ualbino. Dada yangu alikuwa akianika dagaa mchangani Katonga, na mtoto alikuwa naye kutwa, kajifunika kanga kichwani. Siku za mawingu kanga ilivuliwa, kwa kuwa jua halikuwepo. Midomo yake ilikuwa na vidonda visivyopona, tukisema ni upepo wa ziwa. Mimi, fundi niliyejua urefu wa wimbi la FM kwa kichwa, nilikuwa nikimwona kila Jumapili na sikusema kitu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mawingu mepesi huupitisha urujuanimno mwingi sana, hata asilimia 80. Mchanga mkavu hurudisha juu kama asilimia 15 ya unaoupiga, kwa hiyo kanga inafunika kichwa huku uso unachomwa kutoka chini. Tuko digrii 5 tu kusini mwa ikweta, na ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ngozi isiyo na rangi ina kinga ndogo sana dhidi yake. Watu wenye ualbino katika nchi yetu hupata saratani ya ngozi wakiwa vijana, na sababu kubwa ni hii. Tulimwondoa mchangani. Sasa anavaa mikono mirefu na kofia pana yenye ukingo pande zote, kwa kuwa kapelo huacha masikio na shingo nje. Anapaka Kilisun, mafuta ya kuzuia jua yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya wenye ualbino. Miwani nilimkatalia ile ya kutembezwa barabarani mpaka nilipopata yenye kinga ya urujuanimno, kwani kioo cheusi kisicho na kinga hufanya mboni ipanuke na kuingiza zaidi. Vidonda vya mdomo vilifunga.

Miezi michache baadaye ukaitishwa mkutano wa mtaa. Kampuni moja ya simu ilitaka kusimika mnara, na watu walikuwa na hofu ya kweli: saratani, ugumba, watoto kuzaliwa na kasoro. Shangazi yangu alisimama akasema yeye hatalala chini ya mionzi. Nikaomba kusema. Nilisema mwanga wa kila aina huja kwa vipande vidogovidogo, kama Albert Einstein alivyoeleza mwaka 1905, na wimbi likiwa fupi kila kipande kina nguvu zaidi. Ukitaka kuangusha embe, rusha konzi elfu za pumba, hutalipata. Jiwe moja linatosha. Vipande vya wimbi la simu ni pumba. Vikiwa vingi sana vinapasha joto, na ndivyo jiko la maikrowevu linavyopika, kwa wimbi la sentimita 12 lililofungiwa ndani ya sanduku la chuma. Urujuanimno ndipo mawe yanapoanzia, hayo yanaweza kuharibu vinasaba ndani ya seli. Eksirei na gama ni mawe makubwa zaidi. Ndiyo maana mpiga picha wa eksirei hujificha nyuma ya ukuta: wewe unapigwa mara moja, yeye angepigwa kutwa. Na ndiyo maana gama hutumika kuua seli za saratani.

"Basi mnara ni salama kabisa?" akauliza mzee mmoja, mvuvi mwenzake baba. Sikutaka kumpa jibu la muuzaji. Nilimwambia wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani waliyaweka mawimbi ya redio na simu, mwaka 2011, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikawa na madhara lakini ushahidi wake ni mdogo. Uzio wa mnara uheshimiwe, watoto wasipande. Wataalamu haohao wameliweka jua kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani. Nikaonyesha nje ya mlango. Ilikuwa saa saba mchana na watoto wetu walikuwa wamekaa mchangani, vichwa wazi, wakitusubiri.

Sikushinda mkutano. Mnara ulisimikwa mbali kidogo, upande wa Gungu, na shangazi bado ananishuku. Ila wiki ileile mama mmoja alikuja kibandani na mtoto wake mwenye ualbino mgongoni, akauliza ile kofia nilinunua wapi.

Baba sasa haendi ziwani. Jioni anakaa barazani na redio yake, na huyo mpwa wangu hukaa naye, maana usiku ndio wakati wake wa kuvua kofia na kukimbia mchangani anavyotaka. Juzi ng'ambo kulianza kuwaka. Redio ikakwaruza, mtoto akaacha mchezo akaanza kuhesabu sekunde, kama babu alivyomfundisha, kuisubiri ngurumo. Alifika 110 akachoka.

"Bado iko mbali," baba akamwambia. "Waache wavuvi wavute nyavu zao."